Washa Taa Kwanza: Kuitambua Pikipiki ya Kale Iliyofufuliwa Vizuri

Rangi mpya humpendeza kila mtu. Katika gereji za Arua na Koboko, West Nile ya Uganda, pikipiki ya miaka 40 hupigwa rangi, tangi likang'aa, kiti kikashonwa upya, na mnunuzi akaanza kuhesabu pesa kabla hajaitazama mara ya pili. Mwenye jicho hufika jioni. Humsalimia fundi, huizunguka pikipiki bila kuigusa, kisha huomba jambo moja tu: injini iwashwe, na taa iwashwe nayo. Taa ya mbele hufichua mengi kwa muda mfupi, kwa kuwa hapo hukutana kazi zote ambazo fundi mvivu huzikwepa: waya, magneti, swichi, kioo, na subira ya kutafuta kipuri chenyewe badala ya kinachofanana nacho.

Kwanza ijulikane ni pikipiki gani zinazozungumziwa. Za Kiingereza, kama BSA M20 ya sentimita za ujazo 496 iliyotengenezwa kwa maelfu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni adimu sana West Nile. Serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia mwaka 1972, na biashara ya spea waliyokuwa wameishika ikavurugika. Kisha mapigano ya 1979 na 1980 yakawakimbiza watu kwa makundi kuingia Zaire na Sudan. Pikipiki iliyotangulia miaka hiyo na bado ipo ina historia ndefu, na mnunuzi ana haki ya kuisikia. Nyingi zinazofufuliwa leo ni za Kijapani, zilizopita mikononi mwa maafisa wa kilimo, wahudumu wa afya, misheni na mashirika ya misaada: Yamaha AG100 na DT125, Honda XL125, na Honda CG125.

Hiyo CG ilitoka mwaka 1976, ikiwa imebuniwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na kupelekwa gereji mara chache. Baadaye viwanda vingi vya China viliinakili injini yake. Ndiyo maana CG ni rahisi kufufua na ni rahisi vilevile kuharibu: karibu kila kipuri cha Kichina kinaingia, na baada ya miaka michache jina la Honda hubaki kwenye tangi peke yake.

Turudi kwenye taa. Kioo cha asili cha pikipiki ya Kijapani huwa na jina la mtengenezaji lililochorwa ndani ya kioo chenyewe, mara nyingi Stanley au Koito. Nyuma ya kioo kuna kikombe kinachoakisi mwanga, na hapo ndipo udanganyifu hufanyika kwa wingi. Kikombe kikiingiwa na maji ya mvua na vumbi jekundu, utando wake unaong'aa hubanduka, naye fundi mwenye haraka hukipaka rangi ya fedha. Kwa macho kinapendeza. Usiku kinatawanya mwanga ovyo, barabara ikabaki na ukungu mweupe usioonyesha shimo wala mbuzi. Kikombe chenye madoa machache ya asili ni bora mara nyingi kuliko kilichopakwa.

Koboko ina jambo ambalo mnunuzi wa Kampala halazimiki kulifikiria. Wilaya hii inapakana na nchi mbili, na mipaka ya nchi zote tatu inakutana Salia Musala. Barabarani, magari ya Uganda hupita kushoto. Ya Congo hupita kulia. Sudan ilihamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ikaurithi utaratibu huo. Spea hazijui mipaka: kioo cha taa kinaweza kununuliwa sokoni Ariwara, Congo, au kuletwa kutoka upande wa Kaya, Sudan Kusini, kikafungwa Abuku, hapahapa Koboko, siku hiyohiyo. Taa iliyoundwa kwa ajili ya nchi za kulia hunyanyua mwanga upande wa kulia ikiwa kwenye dimu, na Uganda mwanga huo unaishia machoni mwa anayekuja mbele.

Kupima hakuhitaji chombo chochote. Pikipiki isimamishwe wima mita 5 kutoka ukutani, mtu akiwa ameikalia, taa ikiwa kwenye dimu. Mwanga ukinyooka sawa pande zote mbili, hakuna neno. Taa nyingi za pikipiki ndogo ziko hivyo. Ukipanda kidogo kushoto, ni sahihi kabisa. Ukipanda kulia, kioo hicho kirudishwe kilikotoka, hata kama ni cha asili na hakina mkwaruzo.

Sasa nguvu ya umeme. Pikipiki nyingi ndogo za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na volti 6, na watu wengi huamini kuwa taa zake zilikuwa hafifu tangu kuzaliwa. Wanazionea. Balbu ya wati 25 kwenye volti 6 huvuta zaidi ya ampea 4, maradufu ya ile ya volti 12, kwa hiyo kila kiungo chenye kutu hula sehemu kubwa ya umeme. Volti 1 ikipotea njiani, mwanga hupungua karibu nusu. Mara nyingi kosa liko kwenye athi, pale waya unapofungwa kwenye fremu iliyopigwa rangi nzito bila kukwanguliwa. Mnunuzi abebe kipande cha waya mnene, upande mmoja ashike kwenye shina la balbu, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Taa ikiongezeka ghafla, athi ni mbovu, na fundi huyo alipaka rangi juu ya kazi ambayo hakuimaliza.

Fundi mzuri hujulikana pia kwa rangi za waya. Kwenye Honda athi ni ya kijani. Kwenye Yamaha ni nyeusi. Anayefungua ganda la taa na kukuta waya mmoja mwekundu umezunguka pikipiki nzima, umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa plastiki, ajue kwamba hitilafu ya kwanza itakayotokea njiani haitatafutika. BSA au Triumph ina mtego wake: nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilifungwa upande chanya wa betri kwenye fremu. Fundi aliyezoea Kijapani akigeuza nyaya hizo anaweza kuunguza rektifaya kabla injini haijaunguruma.

Watu hulalamika kuwa taa hufifia injini ikiachwa ingurume taratibu, ikawaka vizuri resi ikipigwa. Kwa pikipiki zinazowasha taa moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti, hiyo ndiyo tabia yake halali, na mpenzi wa pikipiki za kale huifurahia. Katika mfumo huo balbu zenyewe husaidia kudhibiti umeme. Balbu ya mbele ikiungua katika mwendo wa kasi, ya nyuma hupokea umeme wote na kuifuata. Kwa hiyo wati zilizoandikwa na kiwanda zina sababu. Kuweka balbu kubwa zaidi kwenye koili ndogo hupunguza mwanga. Kuweka LED inayotumia umeme kidogo bila kidhibiti huunguza nyingine. Mwenye kubeba abiria kila usiku ana kila haki ya kufunga LED. Pikipiki inayouzwa kama ya kale, kwa bei ya vitu vya kale, haipaswi kuwa nayo.

Vifaa vya pembeni visomwe kwa makini kama taa. AG100 iliundwa kwa kazi za shamba, na uzuri wake umo kwenye vitu ambavyo boda huving'oa: kava linalofunika cheni yote, keria ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kukinga injini, stendi pande zote mbili. Ikikosa kava la cheni, imekosa nusu ya utu wake, kwa kuwa ndilo lililoikinga cheni na murram miaka yote hiyo. Keria zilizochomelewa mtaani si aibu, mradi zifuate umbo la zamani na zisiandikwe kuwa za kiwandani. Tena itazamwe pampu ya oili. Yamaha ilianza kuuza mfumo wa Autolube mwaka 1964, ili mwendeshaji asilazimike kuchanganya oili na petroli kwa mkono. Mafundi wengi waliukata mfumo huo pampu ilipoanza kusumbua. Pikipiki ambayo pampu yake imefufuliwa na inafanya kazi inastahili bei ya juu kuliko yenye rangi ya kioo.

Injini yenyewe inajulikana kwa sauti na moshi, na vitabu vya kuieleza ni vingi. Neno moja tu: kabureta iwe Mikuni kwa Yamaha, Keihin kwa Honda.

Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu 1970, ambapo magari na pikipiki hupewa alama na majaji wanaoinama kutazama hadi uvunguni. Ni shule nzuri ya usafi na ukamilifu. West Nile inahitaji kipimo kimoja zaidi, nacho ni barabara. Pikipiki iendeshwe kwenye lami kati ya Arua na Koboko, kisha igeuzwe kuingia njia ya udongo ya Abuku jua likiwa limezama. Kwenye lami husikilizwa gia na beringi za magurudumu. Kwenye udongo husikilizwa kila kitu kingine: ganda la taa linalogonga, keria inayolia, spoku zilizolegea. Taa ikipepesa kwenye mashimo huku ikitulia kwenye lami, kuna kiungo kilicholegea, na kwa kawaida kiko shingoni mwa fremu, pale waya hujipinda kila usukani unapozungushwa.

Breki za ngoma zijaribiwe mteremkoni mara kadhaa mfululizo, maana zikipata joto hulegea hata zikiwa mpya. Anayeendesha pikipiki ya 1978 usiku huendesha kwa mwendo ambao taa yake inaweza kumwonyesha pa kusimama.

Kabla ya kulipa, aombwe fundi gunia la vitu vilivyotolewa. Fundi anayeheshimu kazi hatupi: atakuwa na swichi ya zamani, platini iliyolika, spidomita iliyokwama, pengine kioo cha Stanley kilichopasuka. Vyote viende pamoja na pikipiki, hata kama havifanyi kazi. Kioo kilichopasuka bado kina namba na kipimo chake, na atakayetafuta kinacholingana nacho Ariwara au Kampala atakihitaji mkononi.