Stakabadhi ya Pamba Si Mapato

Kosa lilifanyika jioni ya siku ya mzani. Pamba imepimwa kwenye chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), kilo 600, stakabadhi imo mfukoni, na mwenye nyumba akafungua daftari akaandika upande wa mapato: 720,000. Hata shilingi moja haikuwa imeingia. Huo ulikuwa msimu wa 2019, bei elekezi Sh1,200 kwa kilo, na kutoka Bariadi hadi Meatu bajeti ya namna hiyo ilipangwa katika nyumba nyingi mno. Kilo 600 nazitumia kwa hesabu tu. Za kwako unazijua.

Kilichofuata mnakikumbuka. Bei ya pamba ilishuka katika soko la dunia, wanunuzi wakakwama, na waliokabidhi mzigo kwa mkopo wakasubiri malipo kwa miezi. Kuchelewesha fedha ya mkulima ni dhuluma na sitamtetea mnunuzi yeyote. Lakini mnunuzi hakushika kalamu ya daftari la nyumbani. Deni unalodai liliandikwa kama fedha uliyonayo, na kila kilichoharibika baadaye kilitokana na mstari huo mmoja.

Tazameni mstari huo ulivyofanya kazi. Kwa kuwa daftari lilionyesha 720,000, matumizi nayo yakapandishwa hadi 720,000: bati za mkopo dukani, kisha pikipiki ya malipo ya awali. Malipo ya awali yanataka fedha taslimu, na fedha taslimu haikuwepo, basi mahindi yakatolewa stoo. Yalitoka wakati wa mavuno, kila mtu anauza, bei iko chini. Ilipofika Februari, palizi imepamba moto na stoo ni tupu, nyumba ileile ikanunua mahindi kwa debe, kwa bei ya njaa. Hiyo pikipiki nimeilalamikia misimu mingi na sichoki: inadai mafuta tangu siku ya kwanza, pamba iwe imelipwa au haijalipwa. Agosti ile, maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalikuwa hapa hapa Nyakabindi, Bariadi, mitambo inang'aa, na watu wenye stakabadhi mfukoni walikuwa wakijiona matajiri.

Si kila kitu kilikosewa katika daftari hilo: mbegu, viuadudu na sare za Januari vilipangwa vizuri.

Wapo wanaolaumu ngoma za Bagika na Bagalu, eti ndizo zinazomaliza fedha za Wasukuma baada ya mavuno. Nimechoshwa na lawama hiyo. Gharama ya siku ya ngoma haifiki robo ya malipo ya awali ya pikipiki, na haijamlazimu mtu kuuza chakula cha watoto.

Wazee walituzidi katika jambo hili. Kizazi kilichoungana na Paul Bomani kujenga ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa miaka ya 1950 kilipigania mzani wa haki, lakini nyumbani hesabu yake ilianzia kwenye kihenge. Mtama kwanza, michembe na matobolwa ya viazi vitamu vikauke, ng'ombe wabaki zizini kwa siku ya shida. Fedha ya pamba ilikuja juu ya shibe. Sisi tumeigeuza kuwa msingi.

Na aliyeendelea kupanga kwa Sh1,200 alipata jibu mwaka uliofuata. Bei elekezi ya 2020 ilifunguliwa kwa Sh810. Kilo zilezile 600 zikawa 486,000, pengo la 234,000, wakati mkopo wa bati haukupungua hata senti.

Msimu ukifunguliwa Mei, gawa ukurasa wa daftari mara mbili: fedha iliyoingia mkononi upande mmoja, madai upande mwingine. Stakabadhi ikae kwenye madai mpaka ilipwe. Panga mwaka wako kuanzia Juni hadi Mei, si Januari hadi Desemba, kwa sababu fedha yako inaingia mara moja na lazima ivuke palizi. Na gunia la mahindi lisitoke stoo kulipia kitu ambacho pamba yake bado hujalipwa.