Nyumba ya Kazi na Nyumba ya Mtu

Juu ya mishahara ya watumishi wa Serikali wasomaji wamekwisha kusikia mengi; juu ya mahali wanapolala husikia machache. Nataka kulipima jambo moja lililofanywa Tanzania, yaani kuuzwa kwa nyumba za Serikali, kulikoanza mwaka 2002, wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Zilizouzwa zilikuwa maelfu, na wanunuzi walikuwa watumishi wenyewe.

Wako waisifuo biashara hiyo, maana mtumishi amepata pa kukaa uzeeni, na Serikali imetua mzigo wa kuzitengeneza. Hoja hizi si za kudharau. Lakini nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya fulani. Ilijengwa kwa ajili ya kazi yake. Mganga akihamishwa, ilimngoja mganga mwingine. Ilipokwisha uzwa, aliyekuja nyuma alikuta mwenye nyumba, hakukuta nyumba. Basi akatafute ya kupanga, kwa bei apendayo mwenye nayo.

Tena mjini vyumba vya kupanga vipo, ijapokuwa kwa bei kali. Kijijini mara nyingi havipo hata kwa fedha. Mwuguzi akikaa mbali na zahanati, mama ashikwaye na uchungu usiku wa manane hana budi kungoja mtu aende kumwamsha na kurudi naye gizani.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wa mwaka 2002 hata 2006, ulitaja nyumba za walimu pamoja na madarasa. Madarasa yakajengwa mengi, kwa kuwa ada ilikuwa imefutwa na watoto wamejaa. Nyumba zikabaki nyuma sana. Hapa nawalaumu na wanakijiji wenzangu. Twafyatua matofali, twasomba mchanga na maji, twainua kuta; darasa likiezekwa twapiga vigelegele, na boma la nyumba ya mwalimu twaliacha liote majani. Mzazi amwona mtoto wake akisomea chini ya mwembe. Hamwoni mwalimu aliyejibana na mkewe na watoto katika chumba kimoja, uani kwa mtu, naye amekwisha andika barua ya kuomba uhamisho.

Kwa maoni yangu, kamati ya shule ingemaliza kwanza boma lile kabla ya kuchimba msingi wa darasa jingine, na nyumba iandikwe mali ya shule, asiuziwe mtu yeyote, hata mwalimu mkuu anayestaafu.