Fasihi ya Watoto Darasani: Hadithi au Mahubiri?

Mwalimu mwenzangu, ukisahihisha majibu ya fasihi ya Kidato cha Nne, hukosi kukutana na sentensi hii: "Hadithi hii inatufunza kwamba tusiwe na tamaa." Mtahiniwa ameulizwa kuhusu usawiri wa mhusika au matumizi ya taharuki, naye anajibu kwa funzo. Wengi wetu husema kwamba hakusoma kitabu. Makala haya yanashikilia kuwa huenda alikisoma, ila alikisoma jinsi alivyozoezwa tangu shule ya msingi, yaani kama mtu anayetafuta onyo kwenye ukurasa wa mwisho.

Katika madarasa ya chini, hadithi nyingi hutumiwa kama ufahamu. Mtoto husoma, hujibu maswali matano, kisha huandika funzo. Hadithi haipewi nafasi ya kumchekesha, kumtia hofu wala kumfanya abishane na jirani yake. Udongo uwahi ungali maji, wahenga walisema. Tukiufinyanga kwa namna hii, tusishangae chungu kinachotufikia sekondari.

Chukua mfano wa Hekaya za Abunuwasi, kitabu kilichosomwa katika shule za Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, akadai imezaa. Jirani akapokea zote mbili kwa furaha. Alipoiazima tena hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani akawaka: sufuria hufaje? Lakini aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa?

Je, funzo ni lipi? Abunuwasi ni mwerevu au mwizi? Jirani ameonewa, au amelipwa alichostahili? Wasomee wanafunzi wa Gredi ya Tano kisa hiki, kisha uwaache wabishane. Atakayemtetea jirani atalazimika kurejelea matendo yake; atakayemtetea Abunuwasi vilevile. Hapo tayari wanachambua wahusika na kutoa ushahidi kutoka matini, hata kama hawajui istilahi. Kinaya wanakicheka kabla ya kukifafanua.

Baadhi ya wasomaji watapinga kwamba ngano zetu za jadi zilikuwa na mafunzo. Ni kweli. Hata hivyo, fanani hodari hakuanza na funzo. Alianza na fisi, zimwi au msichana aliyekataa wachumba, na hadhira ikafika penye funzo kwa miguu yake. Kasoro ya vitabu vingi vya watoto ni kwamba mwandishi humchukua msomaji mgongoni. Mhusika mwema ni mwema toka mwanzo hadi mwisho, mbaya huadhibiwa, na mtoto hana la kuamua.

Suala la pili ni mandhari. Mwaka 1940 kitabu cha Lewis Carroll kilitolewa kwa Kiswahili kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika michoro yake Elisi akawa msichana Mwafrika. Wachapishaji wa wakati huo walitambua kwamba mtoto huingia katika hadithi upesi zaidi akiiona sura inayofanana na yake. Hapa Mwanda, mtoto husikia Kidawida nyumbani na Kiswahili shuleni. Anaijua milima yenye ukungu, na anajua kwamba huko chini nyikani kuna ndovu wa Tsavo. Mpe kazi ya kumsikiliza bibi au babu akisimulia kwa Kidawida, kisha aisimulie hadithi hiyo darasani kwa Kiswahili. Akikwama kutafuta neno, wenzake watamsaidia. Hilo ni somo la lugha na la fasihi kwa pamoja, na halihitaji hata shilingi moja.

Vitabu navyo havikosekani kabisa. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991. Nchini Kenya, marehemu Ken Walibora, tunayemjua zaidi kwa riwaya za sekondari, aliwaandikia vijana Ndoto ya Amerika, iliyotoka mwaka 2001. Tangu mwaka 2014, African Storybook imekuwa ikitoa hadithi za bure mtandaoni, zikiwemo za Kiswahili, ambazo mwalimu anaweza kuzichapisha. Mtaala wa umilisi nao una kipengele cha kusoma kwa mapana. Nakala moja yatosha mwalimu akisoma kwa sauti dakika kumi na tano, akakoma penye taharuki na kuuliza: "Unadhani atafanya nini? Kwa nini?" Kesho yake hakuna atakayetaka kukosa kipindi.

Nawe mtahiniwa, usione kwamba haya yamekupita. Tafuta kitabu kimoja cha watoto, ukisome chote kwa starehe, kisha ujiulize maswali matatu. Ni nani anayesimulia? Ni wapi mwandishi alikuficha jambo, na kwa nini? Ni mhusika yupi usiyeweza kumhukumu kwa neno moja? Baada ya hapo rudi kwenye kitabu teule ukiwa na maswali hayohayo. Funzo litakuja, lakini litakuja mwishoni, baada ya ushahidi.