Penzi la Yasmin katika "Vuta N'kuvute"

Filamu ya "Vuta N'kuvute", aliyoiongoza Amil Shivji na iliyotolewa mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma. Mandhari yake ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza angali akitawala. Aghalabu darasani huzungumzwa ukombozi wa nchi, na penzi la Yasmin likapitwa mbio, kana kwamba ni kachumbari tu pembeni ya pilau. Sisi twaona penzi hilo lastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Yasmin wa riwaya ni binti wa Kihindi wa miaka 15, aliyeozwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Humkimbia kwa sababu hamtaki, basi. Huenda Ng'ambo kwa Mwajuma, na Denge, mpigania uhuru, humjia baadaye. Mpangilio huo una maana kubwa: msichana ajikomboa kwanza, ndipo apende.

Filamu imeupindua. Humo Yasmin na Denge waonana usiku ule ule bibi harusi anapopelekwa kuolewa. Lapendeza machoni, hatukatai. Lakini tangu hapo mtazamaji aweza kudhani kuwa kilichomtoa Yasmin kwa mumewe ni sura ya kijana. Kwetu, binti akikataa mume, swali la kwanza huwa ni nani aliyemtia maneno. Filamu yaelekea kuwapa wenye swali hilo jibu walitakalo.

Kinachoiokoa ni nyumba ya Mwajuma. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu, amemvaa mhusika huyo barabara. Kwake Yasmin hapati mlezi wala mume wa pili. Apata shoga, na penzi lake lapata pahala pa kukulia. Denge, kwa upande wake, ametupungukia. Yule wa riwaya, aliyesoma Urusi, ni mtu wa hoja. Huyu twamwona zaidi kuliko tunavyomsikia.

Mwalimu atakayeionyesha filamu hii asiharakie dhamira. Na awaulize wanafunzi, wasichana kwanza: je, Yasmin angemkimbia Bwana Raza lau Denge hakuwapo? Riwaya imekwisha kujibu.