Ukuta Wangu, Udongo Wako: Kumsoma Ngũgĩ Ukiwa Mkomani

Kuna vitabu ambavyo shule ilituharibia kabla hatujavisoma. *Usilie Mpenzi Wangu* ni kimojawapo. Ni tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1964, enzi zile akijiita James Ngugi. Muulize yeyote aliyeisoma inahusu nini, atakwambia: Mau Mau, hali ya hatari, kijana aliyetaka kusoma. Basi. Na sisi wa Pwani huongeza moja letu: ah, hayo mambo ya bara.

Tangu Ngũgĩ afariki Mei 2025 nimeisoma upya mara mbili, na sikubaliani na jibu hilo. Vita vimo, mapenzi yamo, lakini swali linaloibeba riwaya nzima ni dogo na la nyumbani: udongo ulio chini ya nyumba yako ni wa nani? Na kama kuna watu Kenya hii wanaopaswa kulielewa swali hilo bila kuelezwa na mwalimu, ni sisi wa Mombasa.

Hebu nieleze kwa wasioijua Mombasa. Ardhi ya Nyali, jirani yetu hapa, iliwahi kuwa shamba la mkonge. Leo Mkomani ina maghorofa yenye mabwawa ya kuogelea, na ukikata kona mbili unakuta nyumba za Kiswahili, vyumba vimepangana huku na huku, ukumbi katikati, mabati juu. Nyingi katika mji huu ziko katika mpango tunaouita nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, umezijenga, unazipangisha, utawarithisha wanao. Udongo ni wa mtu mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Nyanya yangu ana nyumba ya namna hiyo, vyumba sita. Wapangaji wanamwita mama mwenye nyumba. Siku wakala wa mwenye ardhi akibisha hodi, mama mwenye nyumba anakuwa mpangaji kama wao.

Sasa mwangalie Ngotho, baba yake Njoroge. Yuko kijijini, kwenye kilima cha Mahua, kule juu kwenye baridi. Ana wake wawili, watoto, vibanda vyake. Lakini yeye ni muhoi, yaani mtu aliyeruhusiwa kujenga na kuishi kwenye ardhi isiyo yake. Mwenye ardhi ni Jacobo. Na kuna sentensi moja ya kupita ambayo mwanzoni niliiruka: Njoroge hajawahi kuelewa ilikuwaje baba yake akawa muhoi. Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini. Mimi pia nilikulia kwenye nyumba ile bila kuuliza. Mtoto huzaliwa, akaikuta kodi inalipwa kama vile anavyoikuta mvua inanyesha.

Habari ya muhoi ina safari ndani yake. Ngotho alichukuliwa wakati wa vita kuu vya kwanza, akafyekeshwa barabara. Aliporudi, ardhi ya wazee wake ilikuwa na mlowezi. Na hapa Pwani hatuwezi kujifanya wageni. Reli iliyowapandisha walowezi kule juu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Kina Howlands walipitia kwetu. Hayo mambo ya bara yaliteremka melini kwetu kwanza.

Ngũgĩ yuko kwenye ubora wake anapowaweka Howlands na Ngotho wakitembea pamoja shambani. Wote wawili wanaigusa mimea kwa upendo uleule. Howlands anajiuliza nani atamrithi. Ngotho anasubiri siku wazungu watakapoondoka. Kila mmoja anaamini shamba ni lake, na mmoja anamlipa mwenzake mshahara. Mwandishi hafokei mtu. Anawaacha watembee tu, na msomaji anatokwa na jasho.

Tena hamfanyi Jacobo kuwa pepo mweusi wa mzungu. Jacobo ni jirani. Ana kibali cha kulima pareto, zao ambalo Waafrika wengine walikatazwa, na ana cha kupoteza. Ngotho anapomrukia kwenye mkutano wa mgomo, adhabu haichelewi: hama. Kabila moja, lugha moja, haikusaidia kitu. Wanaodhani mwenye ardhi akiwa "mtu wetu" mambo yatalainika, wamsome Jacobo polepole.

Lakini sikubaliani na riwaya hii kila mahali. Ngotho anapowasimulia wanawe, haki ya ardhi inatokana na uumbaji wenyewe: Mungu alimpa Gikuyu na Mumbi, nao wakatuachia sisi. Ni simulizi nzuri na inampa heshima mtu aliyenyang'anywa. Ila hoja ya "wazee wetu walikuwa hapa kwanza" haina breki. Huku kwetu tumeiona. Likoni, Agosti 1997, watu wa bara walifurushwa na kuuawa kwa jina la wenyeji. Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Evanson Waitiki, mwenye shamba la ekari 930, na maskwota wakaingia wakajenga. Serikali ilikuja kulinunua shamba lile, na mwaka 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Sasa niambieni, hapo Ngotho ni nani? Skwota asiye na hati, au mtu wa bara aliyetimuliwa kwake? Riwaya inatufundisha kumlilia aliyenyang'anywa. Haitufundishi la kufanya wanapokuwa wawili.

Na wanawake? Nyokabi ndiye anayemuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, na safari yote inaanzia hapo. Mgomo unapokaribia, yeye ndiye anayeuliza swali la mtu mzima: ukifeli, tutakula nini? Anajibiwa kwa kofi. Ngũgĩ anatuonyesha kofi lile, ila hakuna anayemuuliza Nyokabi wala Njeri, mke mwenza, kama nao wana haki kwenye udongo wanaoulilia wanaume. Mkomani, nyumba ya vyumba sita inasimama kwa sababu ya mwanamke anayejua tarehe ya kodi. Riwaya yenye macho makali hivi ingeweza kukaa naye jikoni kidogo zaidi.

Bado nawaambia msome, hasa nyinyi mnaopanga vyumba mjini mkiwaza kwamba kiwanja ni habari ya wazee. Mkifika pale Ngotho anapofukuzwa kwa Jacobo, msikimbilie kurasa za bunduki. Yupo Nganga, fundi seremala anayemfundisha kazi Kamau, mwana wa Ngotho. Wanakijiji humsema kwa ukali wake. Nganga huyu ndiye anayempa Ngotho mahali pa kujenga upya, kwenye ardhi yake. Haulizi mzee wa nani alifika kwanza. Ngũgĩ amelipitisha jambo hili haraka, karibu liponyoke. Lakini Ngotho bado ni mtu mwenye kuta kwenye udongo wa mwenzake, na nikifika hapo huwa nawaza: Nganga akifa, wanawe watamwambia nini?