Kani, Nguvu na Mashine ya Tafsiri

Imekuwa ada siku hizi kwa mtumishi wa ofisi, kwa mwalimu, na hata kwa mfasiri wa siku nyingi, kuipa kompyuta matini ya Kiingereza na kukipata Kiswahili chake kabla kikombe cha chai hakijapoa. Ada hii yataka itazamwe kwa makini na kila anayeshughulika na istilahi. Makala haya hayakusudii kuilaani mashine. Yanakusudia kueleza kosa moja inalolifanya, sababu ya kulifanya, na kwa nini kosa hilo halionekani upesi.

Wengi wetu tunakumbuka mambo yalivyokuwa Kiswahili kilipoingizwa katika Google Translate mwaka 2009. Tafsiri zake zilichekesha. Viambishi viligombana na majina, vitenzi vilikaa pasipo pake, na msomaji alitambua mara moja kwamba alichokuwa akikisoma hakikuandikwa na mtu. Aibu ile ilikuwa kinga, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuipeleka kwa mkuu wake kazi ya namna hiyo bila kuipitia. Katika miaka iliyofuata 2016 mitambo hii iligeuzwa, ikaacha kuunga vipande vya maneno na kuanza kuishughulikia sentensi nzima kwa pamoja. Leo Kiswahili chake hutoka kikiwa laini, na kinga ile imetuponyoka.

Hivi karibuni nilifanya jaribio dogo. Nilichukua sentensi ya fizikia ya shule ambayo, kwa istilahi zetu, maana yake ni hii: nguvu ni kadiri ya kazi inayofanywa na kani katika muda fulani. Nikaipa mashine Kiingereza chake. Jibu lilikuwa: ‘Nguvu ni kiwango ambacho kazi hufanywa na nguvu.’ Sarufi yake haina dosari. Mhariri wa gazeti angeipitisha bila kuinua kalamu. Lakini katika somo la fizikia sentensi hiyo haifundishi kitu, kwa sababu kinachofafanuliwa kimefafanuliwa kwa jina lake chenyewe. Kani hupimwa kwa nyutoni, nguvu hupimwa kwa wati, na nishati hupimwa kwa juli. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa vitu viwili hawezi kujua atumie kipimo kipi, wala hatajua kwamba amedhulumiwa. Atadhani akili yake ndiyo nzito.

Lililonishtua zaidi ni hatua ya pili. Walimu wengi hushauriana kwamba ukiishuku tafsiri ya mashine, irudishe katika Kiingereza uone kama maana imebaki. Nikafanya hivyo. Mashine ikanirudishia Kiingereza kilicho sahihi kabisa, maneno mawili tofauti yakiwa kila moja mahali pake! Ilikuwa imekisia kutokana na muktadha, maana sentensi ya namna hiyo imekwisha kuiona mara nyingi katika Kiingereza. Basi kosa lililokuwamo katika Kiswahili lilifutika njiani, na mwalimu anayekagua kwa njia hiyo angeridhika na kuiandika sentensi ubaoni. Tangu siku hiyo sipendi kusikia kwamba tafsiri ya kurudisha ni kipimo cha usahihi wa istilahi.

Kwa nini mashine ipendelee ‘nguvu’? Yafaa ieleweke kwamba mashine hizi hazisomi kamusi. Hulishwa mamilioni ya sentensi zilizokwisha kutafsiriwa na watu, nazo hujifunza ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata jingine. Kwa lugha za Afrika, sehemu kubwa ya matini hizo sambamba imekuwa ya dini. Mkusanyo uitwao JW300, uliotangazwa mwaka 2019 na kutumiwa na watafiti wengi wa lugha zetu, ulitokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Silaumu wafasiri wa machapisho ya dini. Wamefanya kazi kubwa, na pengine bila wao mashine isingejua Kiswahili hata kidogo. Lakini katika maandiko ya namna hiyo nguvu ni za Mungu, za shetani, za serikali na za mwili, na kani ya fizikia haina nafasi. Mashine imefuata wingi. Kwake neno lililozoeleka ndilo neno sahihi, na istilahi kwa tabia yake ni neno lisilozoeleka.

Huenda ikadhaniwa kwamba wanaounda mitambo hii wangeliona kosa hilo wakati wa kuipima. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kipimo kilichotumika kwa muda mrefu, kiitwacho BLEU, kilitolewa mwaka 2002. Hulinganisha maneno na mafungu ya maneno ya tafsiri ya mashine na yale ya tafsiri ya mtu, kisha huhesabu yanayolingana. Kwa kipimo hicho, mashine iliyoandika ‘lakini’ mahali ambapo mfasiri aliandika ‘bali’ imekosa neno moja. Iliyoandika ‘nguvu’ mahali pa ‘kani’ nayo imekosa neno moja. Alama ni sawa. Kwa msomaji, kosa la kwanza si kosa hata kidogo, na la pili limeivunja sentensi. Mashine yaweza kupanda daraja mwaka hadi mwaka kwa kipimo cha namna hiyo huku istilahi zake zikibaki palepale, na sisi tukaambiwa kwamba Kiswahili chake kimekuwa bora.

Wako watakaosema kwamba lugha ni ya wasemaji, na kama umma unasema ‘nguvu’ kwa yote, kani ni neno la maofisa wa istilahi. Hoja hii ina uzito wake, nami siidharau, maana tumewahi kutunga maneno ambayo hata watunzi wake hawayatumii wakiwa nyumbani. Lakini kani halikuokotwa angani. Ni neno la zamani, lenye maana ya ukaidi na ushindani, ambalo wataalamu walilichukua na kulibana maana. Tena umma haukuachwa bila mazoezi: Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania tangu miaka ya 1960, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno linaloshindwa kwa sababu wasemaji wamelikataa limeshindwa kwa haki. Neno linaloondolewa na mtambo ambao haukupata kulisikia halikushindwa na wasemaji.

Jambo hili si la fizikia peke yake. Kwa sheria ya mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri inayotokana na uamuzi huo ni kubwa. Katika sheria, mahakama ya juu ya nchi hii huitwa Mahakama ya Rufani. Wenzetu wa Kenya husema Mahakama ya Rufaa. Kila jina ni sahihi kwao. Mashine, isiyojua mpaka wa nchi, yaweza kuandika rufani katika ibara moja na rufaa katika ibara ifuatayo, na wakili mwenye ujanja atauliza kama mtunga sheria alikusudia vitu viwili.

Kwa upande wa shule, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. (Neno kishikwambi lenyewe laonyesha kitu: lilifika mikononi mwa watu pamoja na chombo chake, na halikuhitaji kampeni.) Mwalimu mwenye chombo hicho, aliye mbali na maktaba, atatafuta somo kwa Kiingereza na kulifasiri hapo hapo. Sina haki ya kumkataza. Ninachoweza kumwambia ni kwamba aipitie tafsiri akiwa na orodha ya istilahi za somo lake mkononi, na atazame majina ya dhana kwanza, kabla ya kutazama kama sentensi inapendeza.

Lakini orodha yenyewe iko wapi? Tangu miaka ya 1970 istilahi zetu zimetolewa vitabuni: safu ya Kiingereza kushoto, safu ya Kiswahili kulia. Vitabu hivyo vilikusudiwa jicho la mtu. Vikipigwa picha na kuwekwa mtandaoni hubaki kuwa picha. Upo muundo wa kimataifa wa kubadilishana istilahi kwa kompyuta, uitwao TBX, uliotolewa kama kiwango cha ISO mwaka 2008 na kurekebishwa mwaka 2019. Na programu nyingi za wafasiri huweza kupokea orodha ya namna hiyo na kumwonya mfasiri anapoikiuka. Kazi ya kuingiza maneno humo haina fahari na haihitaji semina. Yahitaji mtu wa kukaa na kuandika.

Hata hivyo orodha peke yake haitoshi, na hili nalo nimelijua kwa kujaribu. Niliilazimisha mashine itumie ‘kishikwambi’ mahali ambapo yenyewe ilikuwa imeandika ‘vidonge’, kana kwamba walimu wamegawiwa dawa. Ilitii. Ikaandika: ‘Washa kishikwambi yako.’ Neno lilikuwa limechomekwa bila ngeli yake, kama kigingi cha mti katika ukuta wa udongo. Lugha kama Kiingereza huweza kubadilisha jina moja na sentensi isitikisike. Kwetu jina huvuta nyuma yake kivumishi, kimilikishi na kitenzi. Kwa hiyo kinachotakiwa kuwekwa mbele ya mashine ni istilahi ndani ya sentensi, katika umoja na wingi, pamoja na Kiingereza chake. Nimeanza na maneno arobaini ya sayansi ya darasa la saba, sentensi kumi kwa kila neno, na hadi ninapoandika haya nimefika kwenye ‘msuguano’.