Kore 128 za Roblox hazikuwa dawa

Nimeisoma tena ripoti ya Januari 2022 ya Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ile inayoeleza walivyozimika kwa saa 73 kuanzia Oktoba 28 hadi 31, 2021, na hasira yangu haijapungua. Sina ugomvi na kuzimika. Seva huanguka, hata za matajiri. Ugomvi wangu ni uamuzi wa jioni ya siku ya kwanza. Consul, programu inayoziunganisha huduma zao, imelemewa, uandishi wa data uliokuwa ukichukua chini ya milisekunde 300 sasa unachukua sekunde mbili, na mafundi wanaamua kuihamishia klasta yote kwenye mashine za kore 128 badala ya 64. Uamuzi mbovu, na ungebaki mbovu hata kama bahati ingewaokoa.

Kazi ya Consul pale ni kuiambia kila huduma mwenzake yuko wapi. Sasa tazama kalenda. Oktoba 27, saa 8 mchana kwa saa za kwao, walikuwa wamewasha strimingi, kipengele cha Consul, kwenye huduma ya kuelekeza trafiki, na wakati huohuo wakaongeza nodi za kazi hiyo kwa asilimia 50. Mabadiliko mawili kwa mkupuo mmoja, na saa 24 hazijatimia moto umewaka. Mtoto anayechezea simu ya dada yake pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, angeuliza: jana mlishika nini? Wao wakashuku chuma. Wakabadilisha seva moja, haikusaidia, wakabadilisha zote.

Watetezi wao watasema strimingi ilikuwa imetumika miezi kadhaa kwenye huduma nyingine bila kelele. Ndiyo, lakini si kwenye huduma yenye kusoma na kuandika kwa wingi wa namna ile. Strimingi hupitisha kazi kwenye chaneli chache za lugha ya Go. Mzigo ukizidi pande zote mbili, wote wanagombania chaneli moja. Kituo cha maziwa chenye mzani mmoja hakipimi haraka kwa kuongezewa bodaboda za kuleta madebe. Foleni ndiyo inayorefuka. Tena mashine mpya zilikuwa na soketi mbili, kila moja na kumbukumbu yake, kwa hiyo kore za upande huu zikawa zinavuka kwenda kugombania kitu kilichoko upande wa pili. Ripoti yenyewe inakiri kwamba mashine kubwa ziliongeza msongamano. Baadaye wakarudi kwenye kore 64, na klasta bado inahema. Strimingi ilikuja kuzimwa Oktoba 30, saa 9:51 alasiri, na uandishi ukarudi milisekunde 300. Saa hamsini zilikuwa zimepita.

Hitilafu ya BoltDB, hifadhi ya data ndani ya Consul, waliikwepa vizuri, na kuwarudisha wachezaji asilimia kumi kumi kupitia DNS ilikuwa kazi safi. Ila mitambo ya uangalizi kuitegemea Consul ileile inayoangaliwa, hapana. Hilo nimelipigia kelele kwenye safu hii mpaka mhariri akachoka. Na wale waliodai kuwa ofa ya chakula ya mgahawa wa Chipotle ndiyo iliyoangusha seva, sijui kama waliwahi kuomba radhi.

Maradhi hayahaya yako huku Uganda, Barabara ya Ibanda. Minecraft ya Java ikianza kukwama kwenye duka la michezo Bwizibwera, fundi hajafungua hata logi, tayari anatamka: ongeza RAM. Anaichukua mashine ya GB 8, anaipa Java GB 6, Windows inabaki haina pa kupumulia, na gemu inakwama kuliko mwanzo. Kumbe kilichobadilika ni modi iliyopakuliwa juzi. Au VPN. Tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021, watu huwasha VPN asubuhi na kuisahau. Pakiti zinazunguka Ulaya kwanza ndipo zitafute seva, pingi inapaa, na lawama inaangukia mnara. Zima VPN, kisha pima. Toa modi ya mwisho, kisha pima. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. RAM tutaizungumza baadaye.

Kwa urahisi wa kutafuta kosa, namkumbuka Perttu Ahola, Mfini aliyeanzisha Minetest mwaka 2010, mchezo wa vitalu kama Minecraft, ambao tangu 2024 unaitwa Luanti. Laptopu kuukuu inatosha kuwa seva, mlango 30000, bila akaunti ya kampuni yoyote. Januari 2021, intaneti ya Uganda ilipozimwa siku za uchaguzi, mwenye Minetest na ruta hakuwa na haja ya seva za California. Na ikileta shida unafungua debug.txt, unasoma mistari ya mwisho. Roblox wana wahandisi wengi na waliwaita pia wa HashiCorp walioitengeneza Consul. Bado swali la “jana mlishika nini?” lilichelewa siku mbili.

Kwa hiyo wenye maduka, kuanzia Bwizibwera hadi Mbarara mjini, kabla hamjaagiza RAM Kampala, wekeni daftari kando ya seva na mwandike kila mnachowasha na saa mliyokiwasha. Siku mkikwama, nileteeni daftari hilo kwanza.